Wasia wa Babu Saidi na Ukuta wa Kivinje

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba, na najua ni dada Somoe anayekusomea, maana miwani umeiweka usipopakumbuka. Presha imetulia? Dawa unakunywa, au bado unasema zinakukatia hamu ya kula? Sisi huku Unguja hatujambo, alhamdulillahi. Sare za shule zimenizidi, na mkweo Shabani analalamika kwamba nyuzi zinaingia mpaka kwenye wali. Mwache alalamike, wali wenyewe anaumaliza.

Sasa kaa vizuri, Mama. Dada Somoe, soma polepole.

Ile siku tulipokwenda Kivinje baada ya Idi, nilikuona ukifukuza mbuzi juu ya kaburi la Bibi Fatuma, kule nje ya ukuta. Ukamwomba mjomba wako, Babu Hemedi, kwa adabu zako zote, ukuta wa makaburi ya ukoo usogezwe kidogo ili mama yako naye awe ndani. Akakujibu mbele ya watu: "Zainabu, ukuta huu ni wa kizazi cha Mzee Saidi. Bibi yako Mwanahawa kazaliwa na mwanamke wa jikoni. Kwenye wasia wa mzee hayumo. Baba yangu Juma yumo." Akatoa kile kipande cha karatasi kilicholiwa na mchwa, akalionesha jina la Juma kwa kidole. Njia nzima mpaka Lindi hukusema neno, ukafika nyumbani Mtanda ukajilaza na buibui lako. Ungelia ningepata nafuu. Kimya kile nimekuja nacho mpaka huku.

Ndipo nikakumbuka hadithi yako kwamba Babu Saidi alikuwa na duka Unguja, na alipofariki, kadhi wa huku ndiye aliyegawa mirathi yake. Nikafunga kazi nikaenda kunakowekwa karatasi za zamani. Bwana wa pale, mtu wa masihara, akaniuliza, "Wewe wa Kilwa, unatafuta shamba au unatafuta ugomvi?" Nikamwambia, "Namtafuta bibi yangu." Akacheka, akaniletea.

Mama, ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mistari imebanana, wino umepauka. Nilikushukuru kwa kila bakora uliyonipa nilipotoroka chuo cha Kurani. Nikausoma wasia mzima, ule ambao kwa Babu Hemedi mchwa wameubakisha kipande, mpaka muhuri wa mwisho. Mwanahawa hayumo. Nikarudia, hayumo. Nilirudi nyumbani nikamwambia Shabani, "Yule mzee kasema kweli." Nikalia, haki ya Mungu.

Kesho yake niko kwenye cherehani, hii hii ya marehemu Baba, nikakumbuka ilivyonifikia. Baba alipofariki ulimwambia sheikh kwamba marehemu alikuusia cherehani iwe yako. Sheikh akakwambia kwa upole, "Mama Somoe, mrithi haachiwi wasia. Wasia ni wa asiyerithi. Mke na mtoto fungu lao Mungu keshaliweka." Ndipo sote tukaridhia uichukue, nawe ukanipa mimi. Mguu wangu ukaganda pale pale kwenye kanyagio. Wee! Kwani mtoto wa kumzaa anatafutwa kwenye wasia? Anatafutwa kwenye mirathi!

Sare za watu nikaziacha hazina mikono. Yule bwana aliponiona akasema, "Bibi bado hajapatikana?" Nikamwambia nipe karatasi ya mgawo, ya kadhi. Na hii hapa, Mama, neno kwa neno: "Mkewe Tausi, thumuni. Mwanawe Athumani, mafungu mawili. Binti yake Mwanahawa, fungu moja." Huyo mwanamke wa jikoni, Tausi mama yake Mwanahawa, alikuwa mkewe wa ndoa, na thumuni, ile sehemu ya nane, ni haki ya mke! Jikoni ni kwake, walitaka akapike wapi? Nilipiga kigelegele mle ndani, watu wakageuka.

Juma kwenye mgawo hayumo. Nikarudi kwenye wasia na kusoma kwa utulivu lile ambalo mwanzo nililiruka kwa haraka ya kutafuta jina letu. Babu Saidi anasema: "Na Juma, aliyekuja kwangu hana baba wala mama, nikamlea, katika urithi wangu hana fungu. Basi nimempa thuluthi ya mali yangu, minazi na duka. Na akifa azikwe ndani ya ukuta wangu pamoja na wanangu, wala mtu asimweke nje."

Mama, nimempenda mtu huyu na sikumwona. Thuluthi ndiyo mwisho wa kile sheria inachomruhusu mtu kuusia, na yeye alimpa yatima yote. Kisha akaona mbali, akajua kwamba baada yake watu watapimana damu, akamwekea mtoto wa watu mahali pa kulala. Nimetembea siku nzima najivuna barabarani kama niliyemzaa mimi.

Sikufichi, kwanza nilitaka kupanda boti nije nimsomee Babu Hemedi mbele ya watu wale wale, nimwone kile kidole chake atakielekeza wapi. Nikaanza hata kukunja nguo. Shabani akaniangalia tu, akasema, "Kwa hiyo Mzee Saidi kamwingiza Juma ndani, wewe unakwenda kumtoa?" Nikazirudisha nguo kabatini.

Nakala zote mbili zimo ndani ya bahasha. Nenda nazo Kivinje, Mama, wewe mwenyewe. Mkae wawili tu, yeye na wewe, mlango umefungwa. Msomee zote, na ukifika kwa Juma soma taratibu, maana ni mzee na ataumia. Mwambie hakuna anayemtoa. Halafu muulize kama ukuta uliojengwa kwa moyo wa namna hiyo unaweza kumwacha nje mjukuu wa mwenye ukuta. Mawe na chokaa ni juu yangu.

Nisalimie dada Somoe, msomaji wetu, na wanawe. Nisalimie Shangazi Mwajuma wa Mtama, mwambie korosho zake zimefika na jirani ndiye kazimaliza. Msalimie sana Babu Hemedi, na salamu zangu umpe kabla hujafungua bahasha, ajue zimetoka moyoni.

Sheikh akisikia ninavyotia sahihi atanigombeza kwa kuwaruka akina baba, lakini leo mnivumilie.

Mwanao,
Rukia binti Zainabu, binti Fatuma aliye nje ya ukuta, binti Mwanahawa, binti Saidi.