Nilijua Taa Haiifai Mashine, Nikanyamaza

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minne, nimeolewa hapa Uyole, na haya ninayokuandikia sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu Asukile aliyeko Iringa kwa kazi ya ujenzi, kwa kuwa kila ninapotaka kusema naona uso wa mama mmoja aliyekufa, nami naahirisha.

Baba mkwe wangu ni mzee wa kanisa, na ndiye mtunzaji wa mashine ya sinema waliyoiacha wamisionari, mashine kuukuu lakini nzima, ila taa yake ilikufa tangu mwaka jana na watu wakawa wanamwuliza kila Jumapili picha zitaonyeshwa lini. Mwezi wa pili alikwenda Iringa kutafuta taa, akarudi amefurahi, nami nilikuwa jikoni nikamsikia akimweleza mama mkwe kwamba alikuta taa mbili: ya wati mia tano ilikuwa ya kuagizwa Dar es Salaam na kungojwa miezi mitatu, na ya wati elfu moja ilikuwa pale pale mezani, imetolewa katika mashine nyingine iliyovunjika, bei yake nusu. “Nimeijaribu kwenye tundu,” alisema, “imeingia kama kidole kwenye pete.”

Ndugu Mshauri, nilisoma hadi kidato cha pili, na kazi ya kuipangusa vumbi mashine ile ni yangu, mwenyewe akiwa hayupo. Ubavuni ina bamba dogo la chuma lenye maneno ya Kiingereza yasemayo kwamba isiwekwe taa inayozidi wati mia tano. Juu ya boksi la taa mpya paliandikwa elfu moja. Nilisoma mara tatu.

Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hamtazami baba mkwe wake usoni, hasemi naye, halitaji jina lake, na akikutana naye njiani hujitenga pembeni akajifunika mpaka apite. Nimeishi hivyo miaka mitano bila kukosea hata siku moja. Basi nilimwendea mama mkwe nikamwambia, “Mama, tafadhali mwambie baba, taa hii ni kubwa mno kwa mashine yetu, bamba linakataza.” Akacheka hadi akashika kiuno. “Sekela, taa kubwa ndiyo tuliyokwenda kuitafuta! Wewe unataka tutazame picha kwa kibatari?” Hata hivyo alimwambia. Nikasikia jibu kupitia ukutani, limesemwa kwa sauti ya juu ili linifikie: “Mwambie mtoto wa watu kwamba bamba lake la kusoma ni sufuria.” Wakacheka wote wawili, nami nikaendelea kumenya ndizi.

Picha zilionyeshwa Jumamosi mchana, ukumbini, madirisha yamepigiliwa mablanketi ili giza liingie, na mashine imewekwa juu ya meza karibu na mlango, maana waya ulitoka nje kwenda kwenye jenereta. Mwendesha jenereta ni Masunga, Msukuma aliyehama na ng'ombe wa baba yake hadi bonde la Usangu, kisha akapanda huku kufanya kazi ya mashine ya kukoboa mpunga. Mimi nilikaa mwisho wa safu za wanawake, hatua nne tu kutoka kwenye mashine. Picha iling'aa na watu wakapiga makofi. Kisha nikasikia harufu, nikageuka, nikaona rangi ya mashine inatokwa na malengelenge. Nilisimama, Ndugu Mshauri. Nilipiga hatua moja. Baba mkwe akainua uso, macho yetu yakakutana, na mkono wangu ukavuta kanga kichwani wenyewe kama ulivyozoea, nikageuka, nikakaa. Muda wa kuhesabu hadi thelathini haukupita, waya ukawaka, moto ukashika blanketi la mlangoni, na watu mia na zaidi wakakimbilia mlango ule ule.

Lusia, mjane wa kwaya yetu, alikanyagwa, akafa siku ya nne. Baba mkwe aliungua mikono yote miwili na sasa analishwa na mama. Polisi walipomhoji alisema Masunga alizidisha mwendo wa jenereta, na watu wakaitikia haraka, “Msukuma huyo amezoea mikia ya ng'ombe, jenereta ataijulia wapi?” Masunga yuko mahabusu. Mkewe, Mbuke, hupita mbele ya nyumba yetu kila siku na chakula chake, na hunisalimu vizuri.

Mashine imeungua hata bamba halisomeki. Lakini boksi la taa lilibaki nyumbani, nami nililichukua siku ile ile kabla mtu hajalikumbuka, nikalificha (hapa nimefuta maneno sita; Mshauri). Sijui nililificha kwa kumwokoa baba mkwe au kwa kujiokoa mimi. Kesi ni Jumatatu tarehe 23. Nikisema, nitamshitaki mzee ambaye hata jina lake siruhusiwi kulitamka, mbele yake, na sijui kama nitabaki na ndoa. Nikinyamaza, Masunga atafungwa. Nifanye nini?

Mkwe wa Uyole


MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu,

Barua yako ilichukua siku nane kunifikia. Gazeti hili litakuwa Uyole siku ya Alhamisi. Una siku nne, kwa hiyo sitapoteza maneno. Majina nimeyabadilisha, lakini watu wa nyumba yako wakisoma watakutambua. Uwatangulie.

Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe, na nimefundisha shule miaka thelathini na miwili. Usiniandikie mila kama mtu anayejificha nyuma ya mlango. Mama yangu alijitenga na babu yangu njiani miaka kumi na sita. Siku babu alipoteleza mtoni wakati wa masika, mama alimshika mkono akamvuta hadi ukingoni. Walichinja kuku, wakala, na kesho yake akaendelea kujifunika kama kawaida. Heshima haikufa. Babu naye hakufa.

Mara ya kwanza sikulaumu. Ulisoma, ulionya kwa njia uliyopewa, ukachekwa. Ulifanya lililo sawa, na aibu ya kicheko kile si yako. Mara ya pili nakulaumu. Hukuhitaji kusema na baba mkwe. Ulihitaji kuwaambia wanawake wa safu yako, “Tokeni,” neno moja tu, na hakuna mila inayolikataza. Hilo utalibeba, nami sina dawa ya kukutuliza. Mara ya tatu, ya boksi, ni mbaya kuliko zote, kwa kuwa mara hiyo hukushtuliwa. Ulikuwa na muda wa kufikiri, ukaficha.

Na wewe mzee, kama unasomewa ukurasa huu: tundu si kipimo. Mashine kuukuu hupewa taa ambayo waya wake na feni yake vinaweza kuibeba. Isipopatikana, picha zisubiri miezi mitatu, watu wanung'unike. Uliambiwa hivyo na mtu aliyejua kusoma, ukamtuma kwenye sufuria. Sasa umemweka kijana wa watu mahabusu kwa sababu ametoka mbali na hana mjomba hapa wa kumsemea. Mikono yako imeungua. Kinywa chako ni kizima. Kitumie kabla ya Jumatatu.

Binti, sasa narudi kwako. Leo hii mpelekee Asukile simu ya maandishi, aje. Asipofika kesho, usimngoje. Mwombe mchungaji akusindikize. Nendeni kituo cha polisi mjini Mbeya asubuhi, mkabidhi boksi, mpewe hati ya kulipokea. Eleza ulichokisoma kwenye bamba, ulichomwambia mama mkwe, alichojibu, na ulichokiona ukumbini. Eleza pia kwamba ulilificha boksi. Usilipunguze hilo, kwa kuwa atakayelipunguza hataaminiwa katika mengine. Maelezo yako yakishaandikwa, uyasome mwenyewe kabla ya kutia sahihi, kusoma unajua. Mwombe hakimu akuruhusu usimame ukimtazama yeye peke yake. Ukitaka kujifunika kichwa, jifunike. Sauti isifunikwe.

Umeniuliza kama utabaki na ndoa. Sijui, na sitakudanganya. Huenda utarudishwa kwenu. Huenda mzee atakufa bila kukusamehe.

Lakini leo adhuhuri Mbuke atapita tena mbele ya nyumba yenu na chakula cha mumewe. Atakapokusalimu, uwe umekwisha kulitoa mafichoni lile boksi.