Pombe Iliyokataa Kuumuka

Newala,
18 Novemba 1957

Mpendwa Kaka Nikolao,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi cha vumbi la mkonge kimekuacha. Sisi hatujambo. Mvua bado, mabibo yameanza kudondoka, na wapwa zako Agnes na Petro wanakuamkia.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Cecil. Umesema unakuja Krismasi na kisu chako cha mkonge, umkate Filemoni mkono kama alivyouvunja wa shemeji yako, mume wangu Barnaba. Sikufichi, nilifurahi. Lakini aliyekupa habari alikupa nusu, nami nataka uijue yote kabla hujapanda gari.

Lile tangi jipya unalijua, maji hupandishwa na mashine kutoka bondeni. Barnaba aliajiriwa kutia dawa ya kuua vijidudu, unga mweupe unaochoma pua. Kwa kuwa tangi lilikuwa jipya, aliambiwa mwanzoni aitie kwa wingi, hata nguo zetu zikapauka. Bwana wa maji huja mara moja moja kutoka Lindi, hutia matone kwenye kichupa, maji yakigeuka manjano husema dawa ipo, hupanda gari lake akaenda.

Wakati huo jirani yetu Filemoni alikuwa anamtoa mwanawe jandoni. Mkewe Josephina alipika pombe ya mtama akaipooza kwa maji ya bomba. Unamjua Josephina, pombe yake haijapata kumwaibisha. Safari hii ilikataa kuumuka. Wageni wametoka mpaka Lukuledi, ngoma zimewambwa, na mitungini hamna hata povu. Watu wakasema dawa ya Barnaba imeua pombe, na kilichoua pombe kitashindwaje kuua mtoto?

Filemoni akachukua mchi wa mkewe, akaja tangini na wanaume wenzake. Nilikuwa nimempelekea Barnaba ugali.

"Maji yalikuwa hai, Barnaba," akasema. "Wewe umeyaua."

Barnaba alifungua kinywa aeleze. Mchi ulimpata chini ya kiwiko, nikasikia mfupa ukikatika kama muhogo mkavu. Alipoanguka walimpiga mateke ya mbavu na ya mdomo, meno ya mbele yakatoka. Nilimrukia Filemoni mgongoni nikamng'ata sikio mpaka nikaonja damu yake. Akanitupa ukutani, na kovu ninalo hapa kwenye paji la uso. Kisha wakapasua mapipa, wakaimwaga dawa yote. Ilimrukia Ambrosi machoni, na jicho lake moja halioni mpaka leo. Sikumhurumia.

Askari walimfunga Filemoni. Barnaba alilazwa Ndanda, na maji yakaendelea kutoka bila dawa, kutoka kwenye chemchemi ile ile ya bondeni ambako watu huoga na kufua. Josephina akapika tena. Pombe ikafura mpaka ikamwagika, watu wakanywa na kucheza wakisema maji yamefufuka.

Kaka, ndipo ikaja kuhara damu. Yule mtoto aliyetoka jandoni, aliyepikiwa pombe ile ya kwanza, ndiye aliyetangulia kufa. Tulizika na wengine baada yake, wakubwa kwa wadogo. Filemoni baba yake alipotoka kifungoni alikuta kaburi limeshaota majani.

Hakwenda kulala nyumbani. Alikuja tangini moja kwa moja, Barnaba amesharudi kazini na mkono wake uliopinda. Mimi nilishika panga. Filemoni akaweka chini chungu kidogo cha kimea.

"Mama Agnes, weka panga," akasema. "Kila wiki nitachanganya kimea hiki na maji yenu. Kikichelewa kuumuka, dawa ipo. Kikiumuka upesi, dawa haitoshi, nami nitampiga tena mumeo."

Barnaba alicheka kwa yale mapengo yake. Mimi sikucheka.

Jumamosi iliyopita chungu kiliumuka upesi, povu mpaka mdomoni. Barnaba aliapa kwamba dawa ametia, na kweli ametia, nilimwona. Kumbe ilikaa mno kwenye pipa juani, nguvu zikaiishia, imebaki unga tu kama chokaa. Akafunga bomba. Unajua Newala na maji kaka. Watu wamepanga madebe tangu alfajiri, jua linawaka, wanaambiwa warudi. Wakaanza kurusha mawe.

Filemoni akasimama mbele ya bomba na mchi ule ule. Shemeji yake, kaka yake Josephina, alijaribu kupita kwa nguvu, Filemoni akamvunja bega. Jiwe likampasua Filemoni kichwa, damu ikamfunika macho, hakuondoka.

"Kwangu hamna tena mtoto wa kuzika," akawaambia. "Kwenu wamo."

Walimpiga, naye akawapiga, na bomba halikufunguliwa mpaka jioni dawa mpya ilipofika. Barnaba ndiye aliyemfunga kitambaa kichwani, kwa mkono wake mmoja mzima.

Usidhani nimemsamehe. Salamu yake siitikii, na nikimwona sikio lile natamani ningeling'oa lote. Lakini Agnes na Petro wanakunywa maji yale kila siku, na bwana wa maji hajaonekana tangu mavuno.

Msalimie sana wifi Yuliana na watoto, na Mohamedi wa kambini kwenu. Mama mdogo Stamili anawaombea nyote kwa Mungu, mlale salama na muamke salama.

Njoo Krismasi, kaka, tule pamoja. Lakini kisu kiache huko huko. Ukija nacho utamkuta Filemoni penye bomba, na kabla hujamfikia utanikuta mimi.

Mdogo wako anayekupenda siku zote,
Dominika