Salamu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Machi 1954
Ojangole amelima tangu asubuhi. Akaoga bila kuambiwa. Miezi yote ile hospitali ya wagonjwa wa akili, na leo mume wangu anauliza kama chumvi ipo! Naandika Kiswahili cha marehemu baba, mpishi wa reli Kisumu. Hapa Merikit nyumba nzima hakuna wa kukisoma, nitawatukana kwa raha zangu.

Jumapili, 7 Machi
Wanaume wamempa mrija wa kunywea. Ameketi nao kwenye mtungi wa pombe ya wimbi, amecheka walipocheka. Shemeji Ilukor ndiye aliyemsogezea kiti. Huyu huyu aliyemfunga kamba mwaka jana. Nimelia jikoni, nikasingizia moshi.

Jumanne, 9 Machi
Daktari anakuja keshokutwa kumpima. Akifaulu, anabaki nyumbani. Akishindwa, anarudishwa kule. Nimemwita mama kutoka Buhehe anisaidie kupika. Afike kesho, akae jikoni, asionane na mkwewe, ndiyo heshima.

Alhamisi, 11 Machi
Mama hakufika jana. Alilala njiani.
Daktari aliketi kivulini mwa ghala. Anavaa mwenyewe? Analima? Anakula na wenzake? Ojangole akajibu yote, taratibu. Nikaanza kupumua. Ndipo mama akatokea na kikapu chake cha samaki. Ojangole kumwona tu, akaruka ua, akajificha kwenye mihogo mpaka mama alipoingia jikoni. Ndivyo afanyavyo mwanamume yeyote mwenye adabu, hapa na kwetu Usamia.
Daktari akaandika, akaandika. Ofumbi, mkalimani, akaniambia: mume wako bado anakimbia watu. Ofumbi huyo ameoa, naye humkimbia mkwewe! Nikamwambia amweleze daktari. Nikasema maneno mengi, yeye akatoa matatu.
"Mama, mimi natafsiri tu. Mzungu hapana taka maneno mingi."
Daktari akatabasamu, eti mke mwema humtetea mumewe. Atarudi Alhamisi ijayo, na mama awepo. Ojangole akimpa mkono na kuketi naye, amepona. Asipompa, gari linamchukua.
Akili yangu ilikuwa wapi, kumwita mama? Angenipima mimi.

Jumapili, 14 Machi
Nimemweleza Ilukor. Hakupandisha sauti. "Akimshika mkwe mkono," alisema, "mrija wake nauvunja mwenyewe, hanywi nasi tena. Anayefanya hivyo ni kichaa, na kamba bado ninayo nyumbani."
Nawachukia wote wawili, yeye na daktari. Kila mmoja ana kipimo chake, na mtu ni mmoja.
Mama anasema yuko tayari kufa kwa aibu, mradi mkwewe asirudishwe kule. Ojangole ananoa jembe.

Alhamisi, 18 Machi
Gari lipo. Ofumbi ameweka viti viwili, vinatazamana. Mama ameketi, amejifunika uso kwa leso. Ilukor yuko langoni na wanaume wa mtungi. Naandika hapa jikoni, mikono ipate kazi.
Ojangole alipita hapa kwanza. Shati nimelipiga pasi.
"Benedeta, sema wewe. Nifanyeje?"
Nikasema: msalimie.
Sasa anakwenda. Daktari anamwita jina, analikosea. Amefika kwenye kiti. Amegeuza uso pembeni — lakini mkono ameunyoosha. Mama naye amempa wake. Daktari anacheka, anapiga makofi, peke yake.
Ilukor ameondoka langoni, anaelekea nyumbani kwake, kamba iliko.