Shuka Kwanza Utembee

Durban, 3 Julai 2025

Papa mpendwa,

Nakuandikia kwa simu, salamu kutoka Albert Park. Mimi mzima, ni baridi tu inanionea. Mguu wako vipi? Mama bado anaimba kwaya?

Kesho napeleka gari la mbio hadi Harrismith, ng'ambo ya mlima wa Van Reenen. Limeshushwa bandarini juzi, jekundu, tumbo karibu linagusa lami. Tajiri analitaka kwenye harusi ya binti yake, na lori la kubebea magari limekufa. Bosi wangu Léonce kasema: "Ephraim, mukwaruzo moja tu, kazi imeisha." Na huko juu theluji inaanguka. Wewe uliyeendesha malori kwenye matope ya Kivu, nishauri.

Mwanao, Ephraim

Uvira, 3 Julai, jioni

Mwanangu,

Tuko salama, uvimbe wa mguu umepungua. Theluji nimeiona kwenye kalenda ya parokia tu, lakini utelezi ni utelezi. Gari likiyumba, kanyaga mafuta, litatoka. Na mahali pabaya, shuka kwanza utembee, miguu yako iijue njia.

Andika ukifika. Mama yako kasikia neno theluji, kasukuma sahani.

Papa

Uvira, 5 Julai

Ephraim, u hali gani? Mbona kimya? Simu haiiti. Mama yako anakunywa chai tu. Sahani yake imefunikwa pale mezani, na mimi sithubutu kuiondoa.

Papa

Durban, 6 Julai

Papa, Mama,

Nisameheni. Niko mzima kabisa. Simu ilizimika kwa baridi, nimerudi leo kwa taxi.

Papa, theluji nimeiona! Haina sauti. Inashuka kama unga wa muhogo ukichekechwa, na mlima mzima ukanyamaza. Nilisahau hata kuogopa.

Kisha gari likayumba. Nikakanyaga mafuta ulivyosema, na eish, kufumba na kufumbua gari limejigeuza, natazama nilikotoka, Durban! Hapo ndipo nikashuka. Hatua ya pili nikakaa chini kwa makalio. Pale magari mengine yalipopita, theluji imekuwa barafu, inang'aa kama kioo. Pembeni, ile ambayo haijakanyagwa, ililia chini ya kiatu na kunishika. Basi nikageuza polepole, magurudumu nikayapitisha humo: gia ya pili, mguu mwepesi, breki sikuigusa, gari la mbele nikaliacha litangulie mbali sana. Bibi harusi amepanda gari lake, halina mkwaruzo.

Mwanenu, Ephraim

Uvira, 6 Julai, jioni

Mwanangu,

Mungu asifiwe. Kumbe matope na theluji si ndugu. Karibu nikuue kwa ushauri wangu, na miaka yote ile nilijiona najua barabara zote. Nimekaa na barua yako kwenye simu, nashangaa tu. Siku nyingine nitakuuliza wewe.

Mama yako ameisoma mara mbili. Pale ulipogeuka alinikemea mimi, pale ulipoanguka kwa makalio akacheka mpaka machozi. Kisha akafunua sahani, akasema ugali umekuwa jiwe, nimsongee mwingine.

Nimesonga. Anakula.

Papa