Kompyuta Yako Imewaka Pande Zote Mbili

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila mdomo umezoea. Nakuandikia nikiwa kibandani kwangu Iyunga. Mteja nimemwambia arudi mchana, maana nisipokuandikia leo nitapasuka. Festo wetu anaoa! Ngoja nikueleze, maana nusura isiwe.

Tangu tukuzike, laptop yako hakuna aliyeigusa. Mama aliifunga kwenye kitenge, akaiweka kabatini pale Kihesa. Miezi saba. Halafu Festo akamleta Neema nyumbani, binti wa Kilolo. Baba Mkubwa akamwuliza ukoo wa babu yake. Alipotajiwa, akaweka kikombe chini. "Hawa ni sisi. Hakuna ndoa hapo."

Mama akalia. Wote tulijua jibu liko wapi. Miaka yote ile ulizunguka vijijini na baiskeli, ukirekodi wazee na kuandika nani kazaliwa na nani. Na ulivyo mbishi, mashine ina mifumo miwili, Windows na Linux, wewe kila kitu ukakiweka upande wa Linux. Mimi nikawa nakucheka. "Baba, futa huo uchafu, ubaki na Windows kama watu." Nisamehe, Baba. Nilisema uchafu.

Festo akaiwasha. Ile orodha ya kuchagua upande haikutokea. Ikaenda moja kwa moja Windows, saa ikionyesha mwaka ambao mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Upande wako ukaonekana diski tupu, na maandishi yakamwambia lazima aifomati, yaani aifute yote, ndipo aitumie. Akanipigia. "Dada, nikubali?"

Unanijua. Mimi ni fundi wa "nipigie Windows". Mashine ikigoma nafuta, napiga mpya, tunaagana. Nilishafungua mdomo niseme kubali. Ndipo ikanijia sauti yako ya kunigombeza: "Hujaangalia, unafuta nini wewe?" Nikapiga ukelele, "Usiguse! Zima!" Jirani yangu wa chipsi akaja mbio na kijiko mkononi.

Kesho yake nikafika nyumbani Iringa na flash yangu. Nikaangalia kwanza, mimi wa kufuta! Kumbe ni kibetri kidogo kinachotunza saa. Kilikufa kwa kukaa bila kuwashwa, mashine ikasahau ianzie wapi. Na Windows haiwezi kusoma diski ya Linux, ndiyo maana iliiona tupu. Nikaiwasha kwa flash yenye Linux, nikaingia ndani, na faili zako zote zilikuwepo, na yale majina yako marefu kama barua ya serikali. Nikaweka kibetri kipya, nikarudisha kile kiprogramu kinacholeta orodha, nikazima, nikawasha tena. Orodha hiyo hapo! Mama alipiga vigelegele hata hajajua ni vya nini.

Tukafungua rekodi ya bibi mmoja wa Kilolo. Ukaanza wewe kwa salamu ya kwetu: "Kamwene, bibi." Halafu kikohozi chako. Jamani, Baba. Festo akatoka nje. Mimi nikashika meza.

Bibi akasema babu yake Neema alitoka Njombe akiwa mgongoni kwa mama yake, akalelewa na ukoo wetu, akapewa jina letu. Hatukuzaliwa naye. Nawe, na ubishi wako, ukamwuliza mara tatu. Baba Mkubwa akasikiliza zote tatu, akavua kofia. "Basi, waoane. Marehemu alishauliza."

Nililala usingizi ambao sijaupata tangu uondoke.

Rekodi nimezinakili mara tatu. Moja anayo Mama, kaifunga kwenye kitenge kilekile. Kila nikienda Kihesa nitaiwasha mashine yako. Na hapa kibandani, jana dada mmoja kaniletea laptop, "nipigie Windows." Nikamwambia aketi kwanza, niangalie. Picha zote za marehemu mama yake zilikuwa humo, nzima. Alinikumbatia mpaka nikaona aibu.

Haya, Baba, kwaheri, pumzika. Nakuahidi kitu kimoja. Siku ya harusi, kabla ya mtu yeyote kushika kipaza sauti, nitaicheza ile rekodi. Utasema "Kamwene," na safari hii ukumbi mzima utakuitikia.

Binti yako mbishi