Vidonge Ndani ya Mbegu

Jumatatu, 9 Septemba 2024
Nimechoka kuficha. Leo nimehamisha dawa tena — kwenye chupa zinalia, na majirani wana masikio. Nimezifunga kwenye kitambaa, nikazizika ndani ya mkebe wa mbegu za maharagwe. Anayejua kwamba nilizaliwa na virusi vya UKIMWI ni Koko peke yake, bibi yangu aliyenilea tangu mama afe. Barabara ya Sake imefungwa na vita. Dawa nyingine sijui zitatoka wapi.

Alhamisi, 12 Septemba
Mvua ya kwanza. Élysée amenibebea maji. Anasema ataleta wazee wake kwa Koko kuniposa. Nimecheka tu. Mama yake, Mama Godelieve, hata kikombe cha mgonjwa hakigusi.

Ijumaa, 13 Septemba
Nilisahau kumwambia Koko! Leo wanawake wa salongo, wanaolimiana mashamba kwa zamu, walikuwa kwetu. Koko akawapelekea mkebe. Nilipofika, kitambaa kimeshafunguka, na vidonge viko kiganjani mwa Mama Godelieve pamoja na maharagwe.
“Hii dawa naijua. Iko ya nani?”
Majembe yote yalisimama.
“Iko yangu,” Koko akasema. “Mupande, mvua haitatungojea.”
Wakapanda, lakini mbali naye. Nami nikashika jembe, nikapanda pamoja nao. Najichukia.

Jumapili, 15 Septemba
Kanisani Koko alikaa benchi zima peke yake. Mama Godelieve akanivuta kwake: “Pole, mutoto yangu. Kumbe unachunga mugonjwa.”
Jioni akaja na uji, akasimama mlangoni, akamwambia Koko: “Mama Mukandori, umeze dawa nione. Nitakuwa nakuja kila mangaribi.”
Koko akameza. Kidonge changu! Alipoondoka, nami nikameza changu. Dawa hazitafika mbali hivi.
Nilisema nitamwambia ukweli. Koko akakataa. “Mi niko muzee, watanikosesha nini? Weye ungali na bwana wa kukuoa.”

Jumatatu, 16 Septemba
Koko anatapika tangu asubuhi. Dawa si yake, mwili umeikataa. Ameniapisha ninyamaze. Mimi nimechoka kuapa.
Nasikia hatua za malapa uani. Mama Godelieve — na Élysée, yeye ndiye amebeba uji. Koko amejikokota hadi mlangoni, ameninyooshea mkono nimpe kidonge. Ninacho kiganjani. Kikombe cha maji kiko karibu nami, na wote wananitazama mimi. Naweka kalamu chini; kidonge hiki nitakimeza mimi, mbele yao.