Shairi la Nyumba ya Kaka

Jumapili, jioni

Walipiga makofi, ndiyo, na wengine walinirekodi kwa simu. Sijui kwa nini sikufurahi.

Kaka yangu Kazadi, anayefanya biashara ya madini, amefungua nyumba yake mpya hapa Manika, mtaa wa matajiri, leo. Wiki iliyopita aliniambia, "Uandike shairi ya nyumba, batu baone fasi tumefika." Nikaandika. Nilisifu marumaru, geti, hata gari lake la jipu. Wageni walisimama kunipongeza, na mimi nikainama kama...

Basi.

Baadaye nilimrudisha mama kwake Musonoi, mtaa wa wachimba madini. Tulipofika mlangoni akauliza, "Na tata yenu, baba yenu, juu ya nini haukumutia mule mu shairi?"

Baba alichimba shaba miaka yote ili tusome, akafa bila nyumba yake mwenyewe. Nilikaa kwenye kitanda cha mama, nikaandika mistari minne juu ya baba: mikono yake, kikohozi chake, na namna alivyokagua madaftari yetu kabla ya kuvua buti.

Kazadi akiisikia mistari hii atasema namwonea wivu. Labda kidogo ni kweli.

Nilimsomea mama peke yake. Akasema, "Soma tena, polepole."